Bonde Linalokauka Kila Kiangazi: Ardhioevu ya Dodoma na Mamlaka ya Vibali

Katika nyanda za kati za Tanzania, ambako wastani wa mvua ya mwaka hauzidi sana milimita 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, ulinzi wa ardhioevu unahusu maji ya kunywa kabla ya kuhusu ndege na mandhari, kwa kuwa mabonde yanayotota kwa miezi michache ndiyo yanayojaza akiba ya chini ya ardhi inayotumiwa na mji kwa miezi yote iliyobaki. Dodoma, iliyochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, imejengwa juu ya utegemezi huo. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba upungufu wake hautokani na uchache wa sheria, ambazo ni nyingi, wala na uchache wa vibali, ambavyo humchosha hata mwombaji mwenye subira. Upungufu uko katika mpangilio: uamuzi unaofunga hatima ya bonde hufanywa mapema, kwenye meza ya wachora ramani za viwanja, ilhali vibali vyenye jina la mazingira hufika baada ya kiwanja kupata mwenyewe.

Ardhioevu, kwa maana iliyokubaliwa na mataifa katika mkataba uliosainiwa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, ni eneo la kinamasi au la maji, liwe la asili au la kutengenezwa na binadamu, lenye maji ya kudumu au ya muda tu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoigusa Dodoma. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000 na kuorodhesha maeneo manne, yaani Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo katika mkoa wa Dodoma. Kutoorodheshwa huko kumewafanya wengi waamini kwamba mkoa huu hauna ardhioevu ya kuzungumzia, ingawa wakulima wake wanazijua aina zake zote kwa majina: mbuga, yaani tambarare za udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, makorongo, yaani njia za maji zenye mchanga ambazo hutiririka kwa saa au siku chache kisha zikanyamaza, malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo, na mabwawa makubwa kama lile la Hombolo, lililojengwa katika miaka ya 1950. Magharibi ya mji, ndani ya Bonde la Ufa, liko eneo tepetepe la Bahi, ambalo maji ya mto Bubu huishia humo bila kuifikia bahari, na ambalo hulimwa mpunga, huvuliwa samaki na hulishwa ng'ombe kwa zamu inayofuata kupanda na kushuka kwa maji. Mchele wa huko huuzwa katika masoko ya Dodoma, likiwamo Soko la Majengo, kwa wateja ambao pengine wangeshangaa kuambiwa kwamba wananunua zao la ardhioevu.

Umuhimu wa maeneo hayo umethibitishwa vizuri zaidi Makutupora, kaskazini ya jiji, ambako visima virefu vinavyoendeshwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dodoma, maarufu kwa kifupi chake DUWASA, vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya mji kwa zaidi ya nusu karne. Kumbukumbu za kina cha maji katika eneo hilo zimetunzwa tangu miaka ya 1950, jambo adimu katika nchi za joto, na mwaka 2013 wataalamu waliochapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change walionyesha kwamba akiba hiyo haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Kina cha maji hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, hukipandisha kwa ghafla. Tafiti zilizofuata zimeongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kupitia sakafu ya mchanga ya vijito vya msimu, kikiwamo Kinyasungwe Ndogo, na katika tambarare zinazofurika kando yake. Kwa lugha ya mlipa ankara wa Majengo, maji yanayotoka bombani leo yaliingia ardhini katika misimu michache ya mafuriko, na yaliingilia mahali ambapo mtu anayepita mwezi wa Septemba huona mchanga mtupu na miiba.

Mchanga huo unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa thamani yake hubishaniwa na watu wawili wasiokutana. Katika kiangazi, familia za vijijini zisizo na bomba huchimba shimo katikati ya korongo, pengine la kina cha mtu mzima, na kulizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, kisha huteka kwa kata maji yanayojikusanya taratibu chini, ambayo yamechujwa na mchanga na kukingwa na jua. Hatua chache kutoka hapo, lori huweza kuwa linapakia mchanga uleule kwa ajili ya matofali na zege ya mji unaokua. Mchimbaji wa mchanga, ikiwa anafuata utaratibu, anayo leseni ya madini ya ujenzi iliyotolewa chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na leseni hiyo inahesabu mchanga kama mali inayolipiwa mrabaha. Anayechota maji hahitaji kibali, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu matumizi ya nyumbani bila kibali. Hivyo basi mwenye karatasi ndiye anayeondoa chujio, na asiye na karatasi ndiye anayelitegemea, na hakuna ofisi moja ambayo ni lazima iwasikilize wote wawili kabla ya lori la kwanza kufika.

Sheria zenyewe, zikisomwa moja moja, hazina aibu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhioevu, pamoja na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, miongoni mwa ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa, na kifungu kilichotangulia kinampa waziri uwezo wa kutangaza ardhioevu fulani kuwa eneo lindwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 nayo ina utaratibu wake wa kutangaza hifadhi za ardhioevu. Juu ya hizo zipo bodi za maji za mabonde, ambazo ni vyombo vinavyogawa maji kwa kufuata mipaka ya asili ya mito badala ya mipaka ya mikoa. Nchi ina mabonde tisa ya namna hiyo, na jiji la Dodoma limo katika Bonde la Wami/Ruvu wakati Bahi imo katika Bonde la Kati.

Ugumu huanza sheria hizo zinapotoka kitabuni na kwenda kupimwa kwa futikamba. Mita 60 zinahitaji mahali pa kuanzia, na mahali hapo ni rahisi kupaonyesha kwenye Ziwa Victoria au mto Ruvu, ambako maji yapo mwaka mzima na ukingo hauna ubishi. Korongo la Dodoma huhama, kwani mvua moja kubwa huweza kulipanua upande mmoja na kujaza mchanga upande wa pili, na mpima anayefika mwezi wa Agosti hukuta ukingo ambao hautakuwapo mwezi wa Februari. Mbuga ni tatizo kubwa zaidi kwa sababu haina ukingo kabisa. Maji yake husambaa juu ya tambarare bila mstari unaoonekana, na kwa kuwa kifungu cha 57 kinazungumzia kingo, fukwe na mabwawa, mbuga hubaki ikisubiri tangazo la waziri katika Gazeti la Serikali. Ardhi hatarishi nayo husubiri tangazo la namna hiyohiyo. Kwa maneno mengine, ardhioevu ya msimu iliyo ndani ya eneo la mji hupata ulinzi kamili pale tu ngazi ya juu kabisa ya serikali inapoitambua kwa jina na mipaka, na si rahisi kutarajia kwamba waziri atatoa tangazo kwa kila bonde la hekta chache lililo nyuma ya nyumba za watu.

Kwa sababu hiyo macho yanapaswa kurudi kwa halmashauri ya jiji, ambayo mamlaka yake ni mapana kuliko inavyosemwa. Sheria ya 2004 inaitambua kamati ya kudumu ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira kuwa ndiyo kamati ya usimamizi wa mazingira ya eneo lake, inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na inaziruhusu serikali za mitaa, pamoja na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, kutoa miongozo ya kulinda kingo za mito na maziwa. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinaiongezea halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kiini cha tume ya mji ya kulinda ardhioevu, kwa hiyo, kipo tayari, ingawa hakijawahi kuitwa hivyo, na kamati hiyo ya madiwani huelemewa na viwanja, barabara, masoko na taka kiasi kwamba mabonde huingia katika ajenda baada ya kufurika.

Mtu anayetaka kujenga Dodoma hupita katika mlolongo unaojulikana. Kwanza huandaliwa mchoro wa mipango miji unaogawa shamba au pori kuwa viwanja, barabara na maeneo ya wazi. Mchoro ukiidhinishwa, wapima huweka bikoni. Kiwanja hutangazwa, hulipiwa na kupewa hati. Kisha mwenye hati huomba kibali cha ujenzi. Na ikiwa mradi ni mkubwa, hufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani uchunguzi wa madhara yanayotarajiwa na namna ya kuyapunguza, kwa kufuata kanuni za 2005 na marekebisho ya 2018 yaliyoipanga miradi katika makundi kulingana na uzito wake. Nyumba ya kawaida ya familia haiingii katika uchunguzi huo. Nyumba mia nne za kawaida zikijengwa katika mbuga moja, kila moja kwa kibali chake halali, hufanya kwa pamoja kile ambacho kiwanda kimoja kisingeruhusiwa kukifanya bila kitabu kizima cha tathmini. Wala afisa anayetoa kibali cha ujenzi hawezi kulaumiwa peke yake, kwa kuwa anaombwa kumnyima raia matumizi ya kiwanja ambacho serikali ileile ilikipima, ikakiuza na kukiwekea mhuri, na akikataa, suala hugeuka kuwa la fidia, ambayo haikutengewa fungu.

Historia ya Dodoma inaonyesha kwamba mpangilio huu haukuwa wa lazima. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha CDA, ilianzishwa mwaka 1973 na kukabidhiwa ardhi ya eneo lote la makao makuu, na mpango mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, uliipa hali ya ardhi na maeneo ya wazi nafasi kubwa katika sura ya mji. CDA ilikuwa mwenye ardhi na mpanga mji kwa wakati mmoja. Ilitoa ardhi kwa mikataba ya miaka 33 yenye masharti, ikabomoa nyumba za waliokiuka, na ukali wake ukazaa malalamiko ya wenyeji kwa zaidi ya miongo minne, hadi Rais John Magufuli alipoivunja Mei 2017 na shughuli zake kuhamishiwa kwenye halmashauri, huku muda wa hati ukirefushwa hadi miaka 99. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Hata hivyo pamoja na ukali wa CDA kilipotea chombo kimoja kilichokuwa na uwezo wa kuandika sharti la mazingira ndani ya mkataba wenyewe wa ardhi, na kilipotea katika kipindi kibaya kuliko vyote, kwa kuwa wizara zilikuwa zinahamia na idadi ya wakazi wa jiji, iliyokuwa 410,956 katika sensa ya 2012, ilifikia 765,179 katika sensa ya 2022. Kasi ya namna hiyo hula kwanza ardhi ya bei nafuu, nayo mara nyingi ni ya bondeni.

Matokeo yanaonekana mjini na mbali na mji. Mitaa ya mabondeni, baadhi yake ikiwa katika kata ya Nkuhungu, husikika katika habari kila mvua inapokuwa kubwa. Maji yanayonyimwa nafasi ya kutulia na kupenya ardhini hushuka kwa kasi kuelekea Kinyasungwe, ambao hupita Gulwe, wilayani Mpwapwa, kabla ya kuwa Mkondoa na hatimaye Wami. Na reli ya kati, katika kipande cha Gulwe hadi Kilosa, imekatwa na mafuriko mara nyingi, yakiwamo yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba viwanja vya Dodoma ndivyo vilivyong'oa mataruma ya Gulwe, kwani mmomonyoko wa vilima na mashamba una sehemu kubwa zaidi, lakini ni bonde lilelile na ni hesabu ileile ya maji.

Mfano unaosaidia kufikiri unatoka mbali, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako kila mji, kati ya miji 351, una tume ya hifadhi yenye wajumbe kati ya watatu na saba, wakazi wa kawaida wanaohudumu kwa kujitolea, chini ya sheria ya 1957 iliyoziruhusu tume hizo na sheria ya ulinzi wa ardhioevu iliyokamilika mwaka 1972. Anayetaka kujenga ndani ya futi 100 kutoka ardhioevu huwasilisha taarifa kwa tume, majirani zake huarifiwa, kikao cha hadhara huitishwa ndani ya siku 21, na tume hutoa amri yenye masharti, ambayo asiyeridhika huweza kuikatia rufaa kwenye idara ya jimbo. Jambo la kuvutia zaidi ni dogo na la kiofisi: amri hiyo ni lazima isajiliwe kwenye daftari la hati za ardhi kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo, ili mnunuzi wa baadaye aikute hapo. Utaratibu huo una kasoro zake pia, ikiwamo ile ya matajiri kuutumia kuzuia nyumba za watu wa kipato cha chini zisijengwe karibu nao, na asiyelitazama hilo ataiga ubaya pamoja na uzuri.

Uganda, jirani wa karibu zaidi, imefuata njia ya kupanda juu. Katiba yake ya 1995 imeifanya serikali kuwa mdhamini wa maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi, kanuni za mwaka 2000 zikaweka vibali vya matumizi, na bado sehemu ya nchi iliyofunikwa na ardhioevu imepungua kutoka asilimia 15.6 mwaka 1994 hadi karibu asilimia 9 miaka 25 baadaye. Ubomoaji wa nyumba katika ardhioevu ya Lubigi, Kampala, mwaka 2024, ulizikuta familia zilizokwisha kujenga, kuunganishiwa umeme na kupiga kura zikiwa pale. Katiba nzuri, kwa hiyo, haijatosha pale ambapo mipaka ya kinamasi haikuchorwa ardhini kabla ya mnunuzi kufika.

Nyanda za kati zenyewe zimewahi kujaribu amri tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Uswidi, ulifikia mwaka 1979 hatua ya kuondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi na miti vilirudi, na vilima vile vimekuwa ushahidi kwamba ardhi iliyochoka hupona ikipumzishwa. Lakini wafugaji walihamishia ng'ombe wao kwingine pamoja na mzigo wa malisho, na gharama ya mafanikio ikabebwa na waliokuwa na kidogo. Hali hiyo ingejirudia iwapo sheria ya mita 60 ingetekelezwa leo bila kutofautisha mama anayelima mchicha na matembele pembeni ya korongo kwa miezi mitatu na mwenye ukuta wa zege wa kudumu. Na kwa bahati nzuri sheria yenyewe, kwa kutaja shughuli za kudumu na zile zenye madhara, imeacha nafasi ya kutofautisha. Bustani hiyo huacha maji yapenye, ilhali ukuta na sakafu ya saruji huyafukuza. Wanaoendesha operesheni za kuondoa watu kwenye vyanzo vya maji mara nyingi huanza na bustani, kwa kuwa ni rahisi kung'oa.

Mtihani mkubwa zaidi unakuja kutoka kaskazini. Kwa kuwa Makutupora haitoshi, serikali inakusudia kujenga bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, kwenye mto Bubu, na kuleta maji yake Dodoma. Maji hayo yatatolewa katika Bonde la Kati na kutumiwa ndani ya Wami/Ruvu, na kila lita itakayozuiliwa Farkwa ni lita ambayo ingeweza kufika kwenye majaruba ya Bahi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka itengwe akiba, yaani kiwango cha maji kinachobakishwa kwa mahitaji ya msingi ya watu na ya viumbe kabla ya mwingine yeyote kupewa kibali, na kiwango hicho cha Bubu ndicho kitakachoamua kama mpunga wa Bahi utaendelea. Ni vigumu kuona uhalali wa jiji kudai maji ya wakulima wa wilaya nyingine wakati linaruhusu mabonde yake lenyewe yafunikwe kwa saruji.

Hatua inayofuata haihitaji Bunge. Halmashauri ya Jiji inaweza, kwa sheria ndogo na kwa kushirikiana na bodi za maji za mabonde, kuchora ramani ya maeneo yanayotota kama yalivyo mwezi wa Februari wa mwaka wa mvua nyingi, kumbukumbu za 1998 na wazee wa mitaa wakiwa mashahidi, na kuamuru kwamba hakuna mchoro wa viwanja utakaopita kamatini bila kuwekwa juu ya ramani hiyo katika kikao kilicho wazi kwa wakazi. Viwanja vilivyokwisha kuuzwa ndani ya mabonde vitahitaji fidia au masharti yaliyoandikwa kwenye hati, jambo ghali na la taratibu. Vile ambavyo havijapimwa bado vinaweza kuokolewa bila gharama zaidi ya karatasi, na kila msimu wa upimaji unaopita bila ramani hiyo unaiongezea halmashauri deni la fidia.